Mjusi wa Chumba cha Eda

Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na chumba nilichokalia eda yake alikipaka chokaa yeye mwenyewe, siku chache kabla ya harusi yetu. Alikipaka haraka haraka, brashi ikaacha michirizi ya kupanda na kushuka ukuta mzima. Nilimtania kwamba kuta za watu anazinyoosha, ukuta wake anaupaka kama mtu anayewahi treni. Alijibu kwamba hiyo ni safu ya kwanza tu, ya pili angeipaka akipata nafasi. Hakuipata.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijijini. Alikwenda na mafundi wengine kujenga zahanati katika kijiji kipya, mbele kidogo ya Kwihara, na alirudi na homa amekaa nyuma ya lori, amejifunika gunia la saruji. Wiki haikuisha tukamzika. Hatukuwa tumetimiza miaka miwili ya ndoa na hatukuwa na mtoto.

Nikawekwa eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe, hatoki, hajipambi, hatii manukato, na mwanaume asiye wa damu yake hamwoni. Hayo ndiyo ya dini. Mama mkwe wangu alikuwa na ya kwake zaidi. Wazee wake waliingia Tabora na misafara ya kutoka pwani, wakaishia mtaa huu wa Chemchem, na naona waliyabeba mambo ya pwani yote wasiwaachie waliobaki. Kioo kilifunikwa kanga. Kitanda kiliegemezwa ukutani, nikalala kwenye mkeka. Niliambiwa nisijitazame hata kwenye maji ya ndoo.

Wanazuoni wanazo sababu nyingi za eda, lakini moja kila mwanamke wa mtaa wetu aliijua: watu wanasubiri waone kama marehemu ameacha kitu tumboni. Mume wangu alikuwa mtoto wa pekee. Kama ameacha kitu, ningebaki pale, mama wa mjukuu. Kama hakuacha, siku eda ikiisha kaka yangu angekuja kutoka Kigwa anichukue, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa ikigoma. Mama yangu alikwishafariki, baba alikuwa na mke mwingine, na nyumba niliyozaliwa ilikwishaezuliwa. Wote walihamishiwa kwenye kijiji cha mstari kando ya barabara, mahali ambapo sikujua hata kisima kiko upande gani. Ningerudi nyumbani kwenye nyumba nisiyoijua.

Damu yangu ilikatika tangu mwezi wa msiba. Sikusema, lakini mama mkwe hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa akitazama kamba ya nguo uani, anaona vitambaa havianikwi, anageuza macho. Hakuuliza hata mara moja. Nami nililala nikijibonyeza chini ya kitovu kwa vidole viwili, natafuta kitu ambacho sikujua kinavyokuwa.

Siku za mwanzo wanawake walijaa hadi mlangoni. Baadaye walipungua, kila mtu akarudi kwenye shida zake, maana sukari ilikuwa ya foleni na mafuta ya taa ya foleni. Mama mkwe alitoka asubuhi na vitumbua vyake, akarudi alasiri. Kabla hajatoka tulisalimiana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje, mke wa mwanangu?"

"Salama."

Basi. Aliweka uji, akafunga mlango taratibu kama mwenye mgonjwa. Ulikuwa mlango wa mbao tu, lakini sijapata kuuchukia mlango kama nilivyouchukia ule. Nilisikia redio ya jirani ikihimiza watu walime, nikasikia mabehewa yakigongana stesheni, nikasikia watoto wa shule wakipita, na hakuna kati ya hayo lililonihusu. Upweke ule sikuwahi kuusikia kabla wala baada. Ulinifanya niongee na ndoo.

Halafu akaja mjusi.

Chumba kile kilikuwa na dirisha la kioo, fahari ya marehemu, kioo chenyewe alikitoa kwenye duka moja lililobomolewa mjini. Dirisha lilitazama magharibi. Jua likishuka, wadudu waligonga kioo, na mjusi alikuja kuwala. Alikuwa yule mdogo mweupe wa ndani ya nyumba, mwenye macho makubwa na vidole vinavyonata, ambaye kwetu anaitwa mjusi kafiri. Jina hilo lina kesi yake. Wanasema nabii wa Mungu alipotupwa motoni, wanyama wote walileta maji kuuzima, yeye akaja akaupuliza uwake. Kwa hiyo anayemuua anapata thawabu, na akimuua kwa pigo moja anapata zaidi. Mimi nilipomtazama kifua chake, kidogo kuliko ukucha wangu, nilijiuliza angepuliza moto gani. Sikuuliza kwa sauti.

Mama mkwe alikuwa muuaji mkubwa wa mijusi. Alitumia ndala, na hakukosa. Baada ya msiba alizidisha. Nilimsikia kupitia ukutani: pa! kisha sauti yake ya chini, "Thawabu zake zimfikie mwanangu." Alikuwa anamtumia mwanawe zawadi kwa njia aliyoiweza. Sikuwa na la kusema juu ya hilo. Lakini huyu wa dirishani kwangu sikumtaja kwake, na alipoingia na uji nilikaa upande ule ili asitazame huko.

Mkia wake ulikuwa umekatika zamani ukaota mwingine, mnene na mfupi, wa rangi tofauti, kwa hiyo nilimjua hata walipokuja wengine. Mvua za kwanza ziliponyesha na kumbikumbi wakamiminika, niliwakusanya sakafuni, nikawang'oa mabawa, nikamnyooshea mmoja mmoja. Mwanzo alikimbia. Baadaye akasimama na kunitazama, akajilamba jicho, maana hawana kope wale, wanajifuta macho kwa ulimi. Hatimaye akaja akachukua kumbikumbi kwenye ncha ya kidole changu. Nilicheka peke yangu, nikajiziba mdomo, kwa kuwa mjane anayecheka chumbani ni habari ya kupeleka sokoni.

Alinenepa. Nikaona ni shibe, na nikajisifu kwa mapishi. Tumbo lilijaa pande zote, akawa anatembea ametanua miguu. Nilimpunguzia kumbikumbi, lakini tumbo halikupungua. Hilo ndilo la kwanza lililonishangaza. Mjusi aliyeshiba tumbo lake lina kiza katikati, bonge moja, na akishaacha kinyesi chake cheusi chenye ncha nyeupe linarudi mahali pake. La huyu lilikaa siku baada ya siku, tena lilikaa chini, karibu na miguu ya nyuma.

Kisha nikamwona ana vimbe mbili shingoni, nyeupe, moja kila upande. Nikasikitika nikidhani ana matezi na atakufa. Nililia kwa ajili ya mjusi siku hiyo, nikijua vizuri kwamba silii kwa ajili ya mjusi.

Jioni moja mvua ilikatika na jua likatoka chini ya mawingu. Yeye alikuwa upande wa nje wa kioo, tumbo limenielekea, na jua liko mgongoni kwake. Ngozi yao ni nyembamba. Mwanga ulipita mwilini mwake mzima, nikaona mishipa, nikaona kitu kidogo kinachodunda, na chini ya hapo nikaona mayai mawili. Yalikuwa meupe, ya mviringo, yamelala sambamba, moja limetangulia kidogo mbele ya mwenzake kwa kukosa nafasi. Ungeweza kuyahesabu kutoka mlangoni. Niliinuka nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Hakukimbia.

Tangu hapo nilimsoma kama msomi. Niligundua kwamba dume, ambaye mara kwa mara alikuja kumng'ata shingo, ana uvimbe chini ya mkia, pale mkia unapoanzia, na jike hana. Niligundua kwamba mwenye mayai hukaa sana mahali penye joto, na kwamba usiku ukiingia hafukuzi wadudu kwa mbio bali anawangoja wamfikie. Tena nilimwona analamba ukuta. Sio mdudu, sio maji. Chokaa. Alikuwa na sehemu yake karibu na kizingiti cha dirisha, anapitisha ulimi, anapumzika, anarudi. Nikaelewa zile vimbe za shingoni: alikuwa anajiwekea akiba ya kutengenezea maganda.

Sehemu ile ya kizingiti ilikuwa ngumu, ina rangi ya mafuta. Chini, karibu na mkeka wangu, chokaa ilikuwa imeanza kuachia. Nikaikwangua kwa kucha, nikaiponda, nikamwekea unga wake juu ya kizingiti. Alikuja akaula. Kesho yake nikakwangua tena. Nilikuwa ninaifuata ile michirizi ya brashi, mmoja baada ya mwingine, na wakati mwingine niliweka kiganja pale ambapo mkono wa mume wangu ulipita, nikakaa hivyo. Nilikuwa namkumbuka hadi meno yanauma.

Siku moja mama mkwe alileta uji, akasimama. Aliangalia ukuta uliokwanguliwa pale kichwani kwangu. Akaangalia kucha zangu, zimejaa nyeupe. Akaweka bakuli chini kwa mikono miwili.

Alasiri alirudi na kitu kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ulikuwa udongo wa kula, ule wa vipande vyekundu unaouzwa sokoni, ambao kila mama wa Tabora anaujua ni wa nani.

"Acha ukuta," alisema. "Ukuta una uchafu. Kula huu, umechomwa."

Nilishika kile kifurushi nikaelewa. Alidhani mimi ndiye ninayekula chokaa. Mwanamke hali ukuta bure, na mama mkwe alikuwa akiningoja tangu mazishi nionyeshe dalili. Nilifungua mdomo nimwambie habari ya mjusi. Lakini kumwambia kuna mjusi ilikuwa kumwitia ndala, na zaidi ya hapo, mimi mwenyewe sikujua. Damu ilikuwa haijarudi. Asubuhi nilisikia kichefuchefu, au nilitaka kukisikia. Nikachukua kipande, nikakitia mdomoni mbele yake. Kilinukia mvua, na kilikuwa kitamu.

Nyumba ilibadilika. Nilimsikia akitwanga na kuimba kwa pua. Aliniletea maini, akaniletea ndizi, akaninyima pilipili. Alianza kukaa. Hapo zamani alikuwa akisimama mlangoni, sasa alishuka mkekani akanyoosha miguu, akanisimulia jinsi alivyomzaa mwanawe, jinsi alivyochelewa kutembea, jinsi alivyokula sabuni akatoa mapovu. Wanawake wa mtaa walirudi mmoja mmoja, hawasemi kitu, wanaangalia tu kanga yangu inavyokaa kiunoni. Mlango uliachwa wazi mchana kutwa. Sijui kama nilikuwa na furaha. Nilikuwa na watu, na kwa mtu aliyezoea kuongea na ndoo hiyo ilitosha kabisa.

Nikawa ninamtazama mjusi kwa wivu. Yeye alikuwa na uhakika. Angeweza kugeuza tumbo kwenye jua, kila mtu akaona. Mimi nilisubiri wote watoke, nikafunua tumbo langu kwenye mwanga ule ule wa dirishani, nikaangalia. Ngozi tu.

Damu ilirudi asubuhi moja ya mvua. Ilirudi kwa wingi, na maumivu, kana kwamba inalipiza. Nilikaa nayo muda mrefu bila kuinuka. Ningeweza kuficha, wapo waliowahi kuficha wakajitafutia sababu baadaye. Lakini mama mkwe alikuwa uani anaimba ule wimbo wake wa puani, na sikuweza kumwacha aendelee. Nilisubiri mpaka akaingia na uji.

"Mama, nimeingia hedhi."

Alikaa chini pale pale alipokuwa, mbali na mkeka.

"Lini?"

"Leo."

"Labda ni damu tu. Wengine huona damu na mtoto yumo."

"Siyo, mama. Ninaijua."

Mvua ilipiga bati. Uji ukaweka utando.

"Na chokaa?"

"Nilikuwa nampa mjusi."

"Mjusi gani?"

Nilitazama dirishani, akafuata macho yangu. Mjusi alikuwa pale, kwenye kona ya kioo, amejibanza na lile tumbo lake. Mama mkwe aliinuka. Alivua ndala, akaishika kwa kisigino, kama nilivyojua anaishika ingawa sikuwahi kumwona, nilikuwa namsikia tu. Nikasema, "Mama, tafadhali." Nadhani nilisema. Akaenda mpaka dirishani na mkono umeinuka.

Mbele ya kioo akasimama. Mvua ilikuwa imepunguza mwanga, lakini mayai yalikuwa makubwa sasa, yameisukuma ngozi mpaka ikang'aa. Hata kipofu angeyaona. Mkono wake ulibaki juu. Nilihesabu kwamba atapiga, kwa sababu lilikuwa pigo la thawabu na mwanawe hakuwa na mtoto wa kumwombea dua, ni thawabu hizo tu.

"Hata huyu," alisema.

Akasema tena, kwa sauti nyingine, ya hasira: "Hata huyu!"

Kisha ndala ikaanguka. Alikaa juu ya mkeka wangu, akajifunika uso kwa ukaya wake, akalia. Sikuwa nimemwona analia tangu msiba. Siku ya mazishi alikuwa akipokea wageni na kuuliza kama wamekula. Sasa alilia kwa sauti mbaya, ya kukwama, na mimi nikamshika mabega, na damu yangu inatoka, tukabaki hivyo. Mjusi alishatokomea.

Baada ya hapo wanawake wa mtaa walipotea tena, na mama mkwe akarudi kusimama mlangoni. Udongo uliobaki niliumwaga uani. Siku fulani mjusi alikuja amekonda, ubavu umelegea na una mikunjo, nikajua ametaga. Mayai niliyaona baadaye kwenye ufa juu ya fremu, yamegandana na ukuta, magumu na makavu. Sikuwa na wa kumwambia. Hakuja tena kula mkononi mwangu, alikuwa ameshapata alichokitaka. Nilikaa nikasikiliza mabehewa.

Siku ya kutoka eda nilioga tangu alfajiri. Nguo zangu zote zilifuliwa, ndivyo desturi, zikaanikwa uani ingawa mawingu yalikuwa yametanda. Kaka yangu alifika kutoka Kigwa kwa treni, viatu vina matope. Baba mdogo wa marehemu akaja kuusimamia upande wao. Walikaa sebuleni, mimi nikakaa nyuma ya mama mkwe, kwenye mkeka, na kichwa kimefunikwa.

Walizungumza mvua, walizungumza mahindi, kaka akaeleza kijiji kipya na nyumba ambayo bado haijaezekwa upande mmoja. Kisha baba mdogo akakohoa. Swali lile lazima liulizwe mbele ya pande zote mbili, na lazima lijibiwe na mwenye nyumba.

"Tunauliza kwa heshima," alisema. "Marehemu ameacha amana yoyote kwa huyu binti?"

Mama mkwe alikuwa akijibu haraka siku zote, mwanamke wa kumaliza bei ya kitumbua kwa neno moja. Sasa alichelewa. Niliona mgongo wake tu, na kanga ilivyokuwa ikipanda na kushuka.

"Hana kitu," alisema.

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Kaka akaanza kuinuka.

"Yeye hana mtoto," mama mkwe akaendelea. "Mimi ninaye. Huyu hapa nyuma yangu. Akitaka kwenda atasema mwenyewe, asisemewe na nyie."

Hakugeuka kunitazama. Aliyenitazama ni kaka, akiwa nusu amesimama, na baba mdogo akaangalia kofia yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka nini. Nilitafuta neno kubwa la kusema nikalikosa.

"Nguo zangu hazijakauka," nilisema.

Hakuna aliyecheka. Kaka aliangalia nje, akaona mawingu, akasema kweli, mtu hawezi kusafiri na nguo mbichi, na kwamba angerudi zikikauka. Akanywa chai yake. Mama mkwe akawasindikiza wageni mpaka barabarani kama inavyopasa, akarudi, akapitia jikoni. Nilisikia ndoo. Nilipotoka uani, kwa mara ya kwanza nikiwa nje ya eda, nilimkuta anazishusha nguo zangu kutoka kwenye kamba, moja moja, na kuziloweka upya.